Umefika Herufi Gani?

3 Februari

Fundi wangu,

Marahaba, hata kama ulisahau kuniamkia kwenye ujumbe wako wa mwisho. Nakuandikia barua pepe ndefu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na mtu aliyefundisha Kiebrania cha kale maisha yake yote hapendi kukatizwa.

Kazi imekwisha. Jana mchana niliandika neno la mwisho la herufi ya Tav, ambayo ndiyo ya mwisho, nikasimama, nikazunguka meza, nikarudi kukaa, maana sikujua mtu aliyemaliza kamusi anatakiwa kufanya nini. Kadi zote zilizokuwa kwenye makasha ya viatu chini ya kitanda sasa zimo ndani ya mtambo wako. Makasha yamebaki matupu, na paka wa jirani amekwisha kuchagua lake.

Jambo moja ulijue kabla hujafungua. Kila neno nimeliwekea maana yake kwa Kiswahili, na chini ya maana nimeweka mfano. Mifano nimeitunga mwenyewe, tena kwa watu ninaowajua, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundisha darasani. Mwanafunzi ukimwambia neno fulani maana yake ni "zito", atalisahau kabla ya chakula cha mchana. Ukimwambia kaka yangu alikalia kiti kipya na kiti kikaaga dunia, atalikumbuka mpaka azeeke. Basi humo ndani tumo sote. Ni mifano ya muda tu. Kabla chuo hakijawafungulia wanafunzi, nitaiondoa niweke yenye heshima zake. Kwa sasa ibaki kati yangu na wewe.

Baba yako alipiga simu jana kama kawaida yake, Jumapili baada ya taarifa ya habari, akauliza swali lake lilelile: "Dada, umefika herufi gani?" Anauliza utadhani mimi ni treni na yeye bado ni mkuu wa stesheni. Nikamwambia nimefika Tav. Akasema, "Basi umefika kwa wakati." Amestaafu zamani na bado sifa zake ni za ratiba. Nilifurahi sana, lakini usimwambie.

Shangazi yako


8 Februari

Shikamoo Shangazi, na ya wiki iliyopita pia.

Kamusi inapumua. Nimeiweka mtandaoni leo asubuhi, kwa majaribio. Usione vyaelea. Kiebrania kinaandikwa kutoka kulia, Kiswahili kutoka kushoto, na nilipoviweka kwenye mstari mmoja vikagombana kama watoto kwenye kiti cha nyuma. Nabonyeza mshale wa kulia, alama inakimbilia kushoto. Mwenzangu wa dawati la pili akaniuliza kama kompyuta yangu imepagawa. Sasa vimepatana. Pia huhitaji kujua mzizi wa neno ili ulipate, unaandika tu Kiswahili chake kwenye kisanduku na linakuja lenyewe. Najua hilo hulipendi. Wanafunzi watalipenda.

Chini ya kila neno nimeweka kitufe cha Ripoti Kosa. Anayeona hitilafu anabonyeza, anaandika, ujumbe unanifikia mimi, kisha wewe.

Na nimepata wajaribuji. Mtambo mpya unafaa ujaribiwe na watu wasioujua, maana ndio wanaobonyeza pasipobonyezwa. Nikajiuliza, nani ninaowajua hawana hata chembe ya Kiebrania na wana muda wa kupoteza? Nimetuma kiungo kwenye kundi la familia. Wameingia wote, Shangazi. Mama, Mjomba, mabinamu, mpaka Baba kwenye ile simu yake yenye maandishi makubwa kama mabango.

Mimi mwenyewe sijasoma neno. Unajua kazi yangu ni kutengeneza mitambo ya kompyuta ya maghala. Kwangu maneno yako ni mizigo, naangalia tu kama imefika salama na iko kwenye rafu yake. Hata barua yako ndefu niliisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikafika kwenye paka, nikaitwa dirishani. Nitaimalizia kesho.

Fundi wako


8 Februari, jioni

Fundi,

Baada ya paka kuna aya nzima. Rudi uisome ukiwa umekaa.

Kisha ufunge mlango huo upesi uwezavyo. Neno "kuchelewa" liko herufi ya Alef, mwanzoni kabisa, palepale mtu anapofungulia. Baba yako asilione.

Shangazi


10 Februari

Shikamoo Shangazi,

Ameliona.

Nakueleza yote bila kuficha. Jana mchana tulikuwa kwa Mama, sebule imejaa, mimi nikiwa jikoni naosha vikombe na bado sijaisoma ile aya. Nikasikia vicheko. Mjomba alikuwa amesimama katikati ya chumba na simu mkononi, anasoma kamusi yako kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Alisoma "mvivu", tukajua ni yeye mwenyewe, akainama kupokea makofi. Alisoma "kusahau", ikawa ni mimi: "Mpwa wangu aliitafuta simu yake chini ya kitanda akimulika kwa tochi ya simu hiyohiyo." Watu wakavunjika mbavu. Mimi pia, na ni kweli ilitokea. Halafu akarudi mwanzo, Alef, akasoma: "Kuchelewa. Mkuu wa stesheni aliyechelewa harusi yake mwenyewe ndiye anayewafundisha wengine kutazama saa."

Shangazi, watu walicheka mpaka binamu akamwaga soda. Mama alicheka kuliko wote. Unajua kisa hicho kwake ni cha kila mwaka. Kila wanapofikisha mwaka mwingine wa ndoa anamnunulia Baba saa ya mkono, "ili hii isisimame kama ile." Droo ya Baba imejaa saa utadhani anafungua duka. Siku zote naye hucheka pamoja nasi. Jana hakucheka. Alisimama, akavuta suruali, akasema anakwenda kumwagilia maua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Tulimwona kupitia dirishani, ameshika mpira wa maji, anamwagilia maua yaliyolowa chapachapa. Hakuna aliyethubutu kumpelekea mwavuli.

Kuifunga sasa haisaidii, wengi wameshapiga picha kurasa. Usiku nimekaa nikasoma mifano yako yote, kuanzia Alef hadi Tav. Nikwambie kitu? Ni mizuri mno. Mingine imenichekesha na mmoja umeniliza. Nisamehe kwa foleni ya benki.

Fundi


17 Februari

Mwanangu,

Nimekusamehe. Kosa la kutosoma barua za shangazi ni la kizazi chako chote, siwezi kukutwika peke yako.

Lakini simu haijalia. Jumapili ya kwanza nilijifariji kwamba ni mtandao. Jana nilikaa karibu nayo tangu mchana, nikaipangusa vumbi ambalo haikuwa nalo, taarifa ya habari ikapita, na hali ya hewa ikapita, kimya. Nikapiga mwenyewe. Wifi akapokea akasema mzee yuko bafuni. Nikapiga tena baada ya muda, bado yuko bafuni. Nikapiga mara ya tatu, wifi mwenyewe akaona haya, akasema, "Wifi, leo anaoga kweli kweli."

Nacheka ninapokuandikia haya, ila sicheki sana. Sikuolewa, sina mtoto, na wazazi wetu wametangulia. Nina kaka mmoja. Kila Jumapili mtu mmoja duniani alitaka kujua nimefika herufi gani, na hata Kiebrania hakijui. Sasa kamusi imekwisha na mtu huyo hanisemeshi kwa sababu ya kamusi hiyohiyo.

Nimeamua. Nafuta mifano yote, kila herufi, naweka mifano isiyo na mtu. Kamusi itakuwa kavu, basi iwe kavu. Naanzia Tav narudi nyuma, maana mwisho ndio niliouandika karibuni na bado ninaukumbuka. Mwambie baba yako hivyo. Mwambie kila kitu kinafutwa.

Shangazi yako


18 Februari

Shikamoo Baba,

Nakuandikia kwa sababu kila nikija nyumbani unanionyesha mgongo na maua. Shangazi anaumia. Ameniambia nikwambie anafuta mifano yote. Mpigie.

Binti yako


21 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimeipokea.

Kuhusu kupiga simu: simu yangu ni mbovu.

Kuhusu kuumia: hata mimi. Watu wamenicheka kwa ile harusi tangu hujazaliwa na sijawahi kununa. Saa yangu ilisimama, nimesema hivyo tangu siku ile na siongezi neno. Kinachonikera ni mahali. Mzaha wa sebuleni unaishia sebuleni. Kamusi si sebule. Watakaokuja baada yetu watajifunza lugha ya manabii kwa kunicheka mimi. Na kingine. Miaka yote nimekuwa nikimpigia kila Jumapili nikidhani tunaongea kama ndugu, kumbe mwenzangu anakusanya mifano.

Kuhusu kufuta: asifute kwanza. Nataka kujua nimetajwa mara ngapi na kwa makosa gani. Nijulishe njia ya kutafuta habari zangu humo ndani haraka.

Kwa taarifa na hatua zako.

Baba


22 Februari

Baba,

Njia ya mkato hakuna. Kile kisanduku kinatafuta maneno, hakitafuti mifano. Ukitaka kujua ametaja nini juu yako, itabidi uanzie Alef uende mpaka Tav, stesheni kwa stesheni, bila kuruka. Ukiona kosa lolote njiani kuna kitufe cha Ripoti Kosa. Huhitaji kuandika jina.

Na simu mbovu hiyo ndiyo uliyoniandikia?

Binti yako


3 Machi

Fundi wangu,

Jumapili nyingine imepita. Nimeacha kuipangusa simu.

Nimemaliza kufuta Tav na sasa niko Shin. Kuandika mifano isiyo na mtu ni kazi ngumu kuliko niliyodhani. Jana niliandika: "Kitu hiki kimesahaulika." Nikakitazama. Kitu gani, kimesahauliwa na nani, na kwa nini mtu ajali? Zamani hapo palikuwa na wewe chini ya kitanda na tochi. Sasa nimepata kamusi inayofanana na fomu ya kuomba kazi.

Kinachonipa moyo ni huyu mtu wa Ripoti Kosa. Kila siku unanitumia taarifa zake, na kila siku ananiaibisha kwa adabu. Hii ya juzi nimeicheka peke yangu jikoni: "Neno kisima linasema tazama shimo. Neno shimo linasema tazama kisima. Abiria ametumwa huku, akarudishwa kule, hajashushwa popote na mizigo yake bado imo ndani. Njia isiyo na mwisho ni hatari. Rekebisha." Yuko sahihi. Nimetazama hizo kadi sijui mara ngapi na sikuona kwamba nimewafungia watu humo.

Mtu huyu amesoma kila mstari, Fundi. Hakuna mtu anayesoma kamusi kila mstari. Hata mimi niliyeiandika sijaisoma hivyo. Ni mwalimu wa chuo gani? Lazima ni mzee, tena mwenye nidhamu, kijana haandiki hivi. Nipe anwani yake nimshukuru.

Shangazi yako


5 Machi

Shikamoo Shangazi,

Msomaji wetu hataki kutajwa, na mimi nimeapa. Naweza kukwambia hili tu, kwamba amefika Mem na hataki kuharakishwa.

Nakuomba kitu. Acha kufuta kwa sasa. Usiniulize kwa nini. Pumzika, panda maua, mgombeze paka. Kamusi imengoja miaka mingi, haiwezi kushindwa kungoja wiki chache.

Fundi


16 Machi

Mwanangu,

Sijapumzika. Mtu mwenye hatia akipumzika anasikia kila kitu.

Jana nilifika Kof. Herufi hiyo ina neno ambalo maana yake ni kungoja, lakini kungoja kule kwa matumaini, kwa mtu aliyekaza macho njiani. Kama kweli uliisoma mifano yote basi mfano wake unaujua. Niliandika hivi: "Kaka yangu alisimama stesheni na suti yake ya harusi akiingoja treni iliyomleta dada yake, mpaka ikafika, kisha akawaambia watu wote kwamba saa yake ilisimama. Hajui kwamba najua."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa natoka chuoni, mwanamke peke yangu katika darasa lile, treni ikakwama porini. Nilipoteremka nilimkuta kwenye jukwaa la abiria, amevaa suti, ua kifuani limenyauka, bi harusi na watu wanasubiri upande wa pili wa mji. Nikamuuliza unafanya nini hapa. Akasema, "Nimekuja kulinganisha saa yangu na ya stesheni, imesimama." Nikaamini, nilikuwa bado msichana. Wiki ileile mshika bendera wa stesheni akaniambia alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, na walipomwambia aende atachelewa, akajibu hawezi kufunga ndoa ilhali dada yake bado yuko njiani. Hakutaka siku ile watu waseme harusi imechelewa kwa ajili yangu. Akajibebesha yeye, mkuu wa stesheni mwenye saa mbovu, na amechekwa kwa hilo mpaka leo.

Sikuwahi kumwambia kwamba najua. Alitaka kuficha, nikamwachia afiche. Niliyaandika humo kwa sababu ilibidi niyaandike mahali, na nani angesoma Kof?

Sasa fikiri. Kama mzaha wa Alef umemuumiza hivi, hili lingemvua nguo mbele ya wifi. Nimelifuta. Nimeweka: "Mkulima anangoja mvua." Mkulima huyo simjui na mvua yake hainihusu, lakini hatamuumiza mtu.

Shangazi yako


17 Machi

Shikamoo Shangazi, na samahani, na samahani tena kwa nitakayosema.

Mkulima wako na mvua yake hawajatoka nje. Tangu uanze kufuta, nimekuwa nikiyaweka mabadiliko yako kwenye nakala ya pembeni. Unaiona wewe peke yako. Nakala wanayoisoma watu ni ileile ya mwanzo, nzima, na Kof yake imo.

La pili. Kutafuta ndani ya mifano ni kazi ya kubonyeza mara moja. Nilimdanganya mtu kwamba haiwezekani, nikamwambia apite stesheni kwa stesheni. Nilijua akitafuta jina lake atasoma vichekesho tu, atakasirika na kufunga. Nilitaka afike Kof kwa miguu yake, akiwa ameshakusikia unavyomtaja njia nzima.

Msomaji wako mwenye nidhamu ni Baba.

Mama anasema anaweka miwani baada ya chai na anasoma mpaka chakula kinapoa. Mwanzo alikuwa akiguna. Siku hizi anamwita Mama waziwazi: "Njoo usikie alivyosema kuhusu Mjomba." Juzi alitetea neno moja mezani kana kwamba ameliandika yeye. Kunikasirikia ni haki yako. Lakini ukitaka nimzuie kabla hajafika, niambie leo, naweza.

Fundi


17 Machi, jioni

Fundi,

Mwalimu wa chuo gani, nilikuuliza. Nimejionea aibu peke yangu. "Mizigo yake bado imo ndani." Nani mwingine angesema hivyo? Nimeishi na sauti hiyo tangu nizaliwe na nikaidhania ya profesa.

Usimzuie.

Amefika herufi gani?

Shangazi


18 Machi

Tsade, Shangazi. Inayofuata ni Kof.

Fundi


22 Machi

RIPOTI KOSA

Herufi: Kof. Neno: kungoja kwa matumaini.

Taarifa ni kama ifuatavyo. Mfano unatoa picha kwamba treni ilichelewa kwa uzembe. Si kweli. Ng'ombe walikuwa relini, na dereva alifanya lililo sahihi kwa kusimama. Reli isisingiziwe.

Ua la kifuani halimo kwenye mfano. Lilikuwapo.

Mfano unamalizia kwa maneno "Hajui kwamba najua." Maneno hayo yalikuwa sahihi mpaka leo baada ya chai. Sasa si sahihi tena. Rekebisha.

Mfano wenyewe usifutwe.

Msomaji


24 Machi

Fundi wangu,

Jana simu ililia. Taarifa ya habari ilikuwa haijaisha, mtangazaji yuko katikati ya sentensi. Mkuu wa stesheni alipiga kabla ya wakati. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiweka juu ya kiti, na baadaye nikaikalia, lakini hayo tuyaache.

Hakunisalimu wala hakuniuliza hali. Alisema, "Kwa hiyo mshika bendera alisema."

Nikamwambia, "Wiki ileile."

"Nilimpa sigara asiseme."

"Alizivuta kwanza, kisha akasema."

Nikasikia saa yao ya ukutani. Kisha akasema, "Na wewe ukakaa nalo miaka yote hii."

"Wewe ndiye uliyeanza kukaa nalo, Kaka. Mimi nilifuata mkubwa."

Mwanangu, kaka yangu alicheka. Ukubwa wa kicheko kile ulinifanya niisogeze simu mbali na sikio. Halafu sauti ikabadilika kidogo, akasema alidhani nilikuwa nakusanya makosa yake, kumbe nilikuwa namtunza. Nikalia. Nakwambia wazi kwa sababu wifi ataeneza hata nisiposema. Nikamwambia sikuwa namsikiliza kila Jumapili ili nipate mifano. Nilikuwa naandika mifano ili Jumapili ifike upesi.

Wifi akamnyang'anya simu. Ameisoma Kof naye. Anasema, "Wifi, huyu mzee amenifanya ninunue saa maisha yangu yote kwa ajili ya saa iliyokuwa nzima." Anataka kujua afanyeje na droo ile. Nikamwambia agawe, kila mjaribuji wa kamusi apate moja. Akasema kwamba baada ya kumgombeza mzee, yeye mwenyewe alikwenda chumbani, akatafuta ile suti ya harusi, akaipiga pasi. Hakusema kwa nini. Wanakuja kwangu Jumapili ijayo kwa treni, wote wawili, na nimeonywa kwamba nikichelewa kuwapokea nitaingizwa kwenye kamusi ya mtu mwingine.

Irudishe mifano yote kama ilivyokuwa. Mkulima mwache aende zake, mvua ataipata huko mbele. Chuo kikiuliza heshima iko wapi, nitawaambia wasome mpaka Kof.

Mwisho kabisa, kabla hajakata, aliuliza, "Haya Dada, umefika herufi gani?" Nikamwambia Kaka, kamusi ilikwisha, unajua. Akasema, "Najua. Nilikuwa nimezoea kuuliza." Nikamwambia narudia tena kutoka Alef, kusahihisha. Sikuwa nimepanga kurudia. Sasa itabidi.

Mfano mmoja tu bado unanikaa vibaya, ule wa "kuchelewa". Sijui niufute au niubadilishe. Siwezi kumuuliza, atasema niuache ili asionekane mwenye kununa.

Shangazi yako


25 Machi

RIPOTI KOSA

Herufi: Alef. Neno: kuchelewa.

Binti yangu ameniambia msimamizi anasitasita juu ya mfano huu. Maelekezo ni haya. Usifutwe. Usibadilishwe hata nukta. Ni kweli nilichelewa, na vijana wana haki ya kucheka.

Chini yake ongeza maneno mawili tu: Tazama kungoja.

Na kule kwenye kungoja usiandike tazama neno lolote. Abiria ashukie hapo.

Kaka yako